Vitabu Saba vya Mzee Mmoja

Kiatu ndicho kilichonisema. Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu nyumbani kwetu Mwala, mfuko wangu wa vyuma vya kazi uko tayari mlangoni, na mguu wa kulia ukakataa kuingia. Nikalegeza kamba. Ukakataa. Nikatoa kamba yote, nikapaka kisigino mafuta ya cherehani, nikasukuma hadi jasho likanitoka. Mguu ulikuwa umevimba kama muhogo uliolowekwa, na nilipobonyeza kwa kidole, shimo lilibaki palepale likinitazama.

Mke wangu Munyiva alikuwa kando yangu akichagua mawe kwenye pojo. Hakuinua kichwa.

"Baba Kasyoka, unaenda wapi na mguu mmoja?"

"Kithyoko."

"Na huo mwingine utaenda lini?"

Mimi naitwa Nzau, na kazi yangu ni cherehani. Sishoni nguo, washonaji ni wengi. Mimi hutafutwa cherehani yenyewe ikikataa kazi, ikiruka nyuzi au ikimeza kitambaa. Shule nilisoma vipandevipande: darasa la kwanza na la pili Mwala, la tatu nusu yake Thika nilikokuwa nachunga ng'ombe wa mtu, na mengine yote nilijisomea kwenye vile vijitabu vinavyokuja ndani ya sanduku la cherehani mpya. Miaka arobaini na zaidi nimezunguka na mfuko wangu, Masii, Matuu, Kangundo, Ekalakala, hadi Kithyoko kule karibu na mto Tana. Kila soko lina siku yake, nami nina siku yangu katika kila soko. Nikikaa nyumbani zaidi ya siku nne, hata kuku huanza kunishangaa.

Safari hii ilikuwa na uzito. Wanawake wa kikundi kimoja Kithyoko wana cherehani nane. Walikuwa wamepata kazi ya kushona sare za shule, na cherehani tano kati ya zile nane zilikuwa zimelala. Nilikuwa nimewaahidi kwamba nitafika kabla ya shule kufunguliwa.

"Utakaa," Munyiva akasema. "Kasyoka ameshapata kibanda hapo sokoni. Utakaa kwa kiti, watu wakuletee cherehani zao."

Kasyoka ni binti yetu, anafanya kazi Athi River, na kile kibanda alikuwa amekizungumzia tangu Krismasi.

"Nani atabeba cherehani ya miguu kichwani aniletee?"

"Basi hawatakuletea, utapumzika."

Hilo neno kupumzika ndilo lililonitia baridi. Nimewaona wenzangu waliopumzika. Mwaka wa kwanza wanapumzika miguu, wa pili wanapumzika kusema, wa tatu tunawachangia mazishi.

Tukabishana hadi chai ikapoa, kisha tukaafikiana. Twende Machakos, hospitali, tumwone daktari wa presha. Akisema nikae, nitakaa kwenye kibanda cha Kasyoka na sitanung'unika. Akisema naweza kutembea, Munyiva hatalitaja tena neno kibanda. Tulipeana mikono kabisa, kama watu waliouziana ng'ombe.

"Na ubebe vitabu vyako," akasema. "Vyote. Usifikiri sivijui."

Hapo akanipata. Huku kwetu ukienda zahanati unabeba daftari ndogo, na daktari anaandika humo presha yako, dawa zako na tarehe ya kurudi. Mtu wa kawaida ana moja. Mimi nilikuwa na saba, zote ndani ya mfuko wa vyuma, zimefungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kila soko na daftari yake. Ya Matuu naitoa Matuu, ya Kangundo naitoa Kangundo, wala sikuzichanganya hata siku moja.

Msinicheke kabla hamjasikia sababu. Mimi ni fundi. Ukimpelekea fundi cherehani ambayo imeshikwa na fundi mwingine, jambo la kwanza atakalosema ni, "Nani huyu alikuharibia?" Ataikunja midomo, atatingisha kichwa, atatupa parafujo ya mwenzake chini. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara elfu, hata pale mwenzangu alipofanya kazi nzuri. Ndiyo desturi. Sasa nimpeleke daktari wa Kangundo kazi ya daktari wa Matuu? Ni kumkosea adabu yule na kumgombanisha na huyu. Nikaona heri kila mmoja anione mpya, afanye kazi yake kwa amani.

*

Kesho yake, Jumanne, kwenye kliniki ya presha tulimkuta muuguzi anaitwa Kamanthe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, miwani kwenye ncha ya pua. Alinifunga kile kitambaa cha mkono, akapuliza, akasikiliza. Akapuliza tena.

"Mzee, presha yako iko chini."

"Asante sana," nikasema. Nikamwangalia Munyiva kwa ushindi.

"Sijasema iko vizuri. Nimesema iko chini. Mia moja kwa hamsini na nane. Ukisimama haraka huoni nyota?"

Niliziona. Wiki iliyotangulia, Masii, nilisimama baada ya kufunga mkanda wa cherehani na soko lote likazunguka kama gurudumu. Nilishikilia meza hadi likatulia. Lakini hilo sikuwa nimemwambia mtu.

"Haoni," nikasema.

"Haoni nani?"

"Huyu mzee. Mimi."

Munyiva akaingiza mkono kwenye mfuko wangu, akatoa zile daftari, akaziweka mezani na mpira wake. Kamanthe akafungua mpira. Akazipanga moja moja kama mtu anayegawa karata. Akasoma majalada, akanitazama juu ya miwani, akasoma tena.

"Hawa ni wazee wangapi?"

"Mmoja."

"Hapa Matuu kuna Erastus Kilonzo, miaka sitini na tatu. Kangundo kuna Nzau Kilonzo, miaka sitini na nane. Na hapa Kithyoko kuna mtu anaitwa Fundi Nzau, sabini na tano." Akagonga daftari kwa kalamu. "Baba, ni wewe wote hawa?"

"Majina yote ni yangu. Na umri unategemea. Mama alisema nilizaliwa njaa ya makonge, wakati watu walikuwa wakikata makonge kuuza wapate unga. Njaa ile ilikaa zaidi ya mwaka."

"Ilikaa miaka kumi na miwili?"

Munyiva alicheka hadi akashika leso. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nao wakajiunga. Nikakubali kwamba Matuu nilipunguza kidogo, maana nilisikia ukishapita sabini wanakuambia ukae nyumbani. Kithyoko niliongeza, kwa sababu kule mzee sana hupewa kiti na kuhudumiwa mbele.

"Na dawa ziko wapi?"

Nikatoa pakiti tatu. Kamanthe akachukua mbili, akazishika kando kwa kando mbele ya macho yangu.

"Hii ulipewa wapi?"

"Matuu."

"Na hii?"

"Kithyoko. Hiyo ya Matuu nakunywa asubuhi, ya Kithyoko jioni. Sijawahi kukosa hata siku moja." Nilisema kwa majivuno, kwa sababu ni kweli. Mimi na dawa ni kama mimi na mafuta ya cherehani, sisahau.

"Una miwani?"

Nina ile ya kutungia uzi. Nikaivaa.

"Haya majina makubwa ni ya kampuni, kila mtu na lake. Sasa soma hapa chini, herufi ndogo."

Nikasoma kwa taratibu, silabi moja baada ya nyingine. *Amlodipine*, miligramu kumi. Nikachukua ya pili. Nikasoma. *Amlodipine*, miligramu kumi. Nikageuza pakiti nione kama imeandikwa jambo lingine nyuma. Haikuandikwa.

"Ni dawa moja," nikasema.

"Ni moja. Umekuwa ukinywa ya watu wawili kwa muda gani?"

"Tangu mvua za Novemba."

"Na miguu ilianza kuvimba lini?"

Munyiva akajibu. "Tangu Krismasi."

"Sasa ona," Kamanthe akasema, na sauti yake ikashuka. "Dawa hii ikizidi, huvimbisha miguu. Ukaenda Kangundo na miguu imevimba. Wakakuuliza kama kuna dawa unakunywa?"

"Waliniuliza."

"Ukasema?"

"Nikasema hakuna."

"Basi wakakupa hii ya tatu, ya kupunguza maji mwilini, kwa sababu mtu asiyekunywa dawa yoyote na miguu imevimba, wangefanya nini? Walifanya kazi nzuri na mtu ambaye hayuko." Akavua miwani. "Hakuna daktari aliyekosea hapa, baba. Kila mmoja alitibu mzee wake. Lakini hao wazee wote wanatumia moyo mmoja na figo mbili."

Nimewahi kufungua cherehani nikakuta mafundi watatu wamekaza parafujo ileile, kila mmoja bila kujua mwenzake amepita, hadi chuma kimepasuka. Nililaani mafundi wale. Sikumlaani mwenye cherehani, na ndiye aliyenyamaza.

Kamanthe akamwita daktari, kijana mpole aliyenisalimia kwa heshima kabla ya kunigusa. Akasimamisha ile ya tatu, ya kupunguza maji. Akasimamisha pakiti moja kati ya zile mbili, na ile iliyobaki akaipunguza nusu. Akataka nipimwe figo na moyo. Nirudi baada ya wiki mbili, Jumanne.

"Na Kithyoko?" nikauliza.

"Tuone vipimo kwanza. Na mimi nataka uje na kitabu kimoja," Kamanthe akasema. "Kimoja, mzee."

*

Kabla ya vipimo kulikuwa na dirisha la bima. Nikatoa pochi yangu kwa ujasiri. Ndani, kwenye karatasi ya nailoni, nilikuwa na kadi ya bima ya NHIF, safi kama siku niliyopewa. Miaka yote hiyo nimeibeba kama hirizi. Yule dada wa dirishani akaishika kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Guka," akaniita, yaani babu, "hii tulishaiacha. Siku hizi ni SHA. Umejiandikisha?"

Sikuwa nimejiandikisha. Munyiva alijiandikisha mapema, mhudumu wa afya wa kijiji alipita nyumbani na simu yake. Mimi siku hiyo nilikuwa Ekalakala. Alipita tena, nikawa Matuu. Na kusema kweli, hata ningekuwepo ningetafuta pa kujificha. Nilimweleza Munyiva pale kwenye foleni, kwa sauti ya chini.

"Kulipia ugonjwa ambao haujakuja ni kuuita. Ni kama kuuwekea kiti."

Munyiva aliinama, akafungua mfuko wa vyuma, akapekua mpaka chini, akatoa kile kikopo changu cha bati ambamo huweka sindano za akiba. Akakitingisha karibu na sikio langu, chaka-chaka.

"Hizi unabeba za nini?"

"Za akiba. Sindano ikivunjika katikati ya kazi."

"Na ukizibeba, unaziita zivunjike?"

Mwanamume mmoja nyuma yetu akasema, "Mzee, hapo lipa tu." Nikachukua kikopo changu nikakirudisha mfukoni.

Dada wa dirishani akachukua kitambulisho. Pale ndipo jina langu zima lilipo, Erastus Nzau Kilonzo, na mwaka ambao karani wa zamani aliniandikia baada ya kunitazama meno. Kwa hesabu hiyo nina miaka sabini na tatu. Akaniuliza maswali. Paa la nyumba ni la nini? Mabati. Maji mnachota wapi? Kwenye bwawa la mchanga, mtoni. Taa? Ya jua.

"Na unaishi wapi?"

"Jumatatu huwa Masii. Jumanne..."

"Guka, pahali pa kulala."

"Inategemea ni nani ana cherehani imeharibika."

"Andika Mwala," Munyiva akasema. "Ana kitanda Mwala. Hata kama hakijui."

Malipo ya mwaka yalitoka kwenye kikapu cha kyondo cha Munyiva, yamekunjwa ndani ya leso. Nikajua ni kwa nini yule beberu wetu mwenye pembe moja sikumwona zizini asubuhi. Ujumbe ulipoingia kwenye simu yangu kwamba nimeandikwa, nilimpa yeye asome kwanza.

*

Kutupa daftari sikuweza. Mle ndani kuna miaka tisa ya presha yangu, na kila namba nakumbuka niliketi kwenye benchi gani ilipopimwa. Kwa hiyo baada ya kutolewa damu nilishuka sokoni kwa Wangechi, mama anayeshona mifuko ya shule na mikoba ya turubai. Cherehani yake ni ya kushona ngozi, na mimi ndiye niliyeifufua mara tatu.

"Fundi! Leo umenitembelea bila kuitwa?"

"Leo nimekuja kukodi cherehani yako."

Nikamweka kando, nikakaa mwenyewe. Nikapanga daftari zote saba kwa tarehe, ya zamani chini. Nikafunga sindano namba kubwa, uzi wa nailoni, nikazipitisha chini ya mguu wa cherehani kwenye mgongo wake, polepole, nikizungusha gurudumu kwa mkono. Sindano moja ilivunjika. Nilitoa ya akiba, na Munyiva akaangalia upande mwingine kwa heshima kubwa.

Wangechi akakata kipande cha turubai ya kijani kiwe jalada. Akakipima ule unene kwa vidole.

"Sasa hii ni Biblia ama ni nini?"

"Ni mimi."

"Haki ya Mungu wewe ni mnene!" Kisha akashusha sauti, akaegemea meza. "Mimi daftari yangu ya presha iko ndani ya kabati nyumbani. Waliniambia nirudi Septemba. Septemba gani, wacha tusiseme."

"Rudi Jumanne, baada ya wiki mbili," nikamwambia. "Tutakaa benchi moja."

Nikaandika juu ya turubai kwa kalamu ya kuchorea mifuko. Jina lote, jinsi lilivyo kwenye kitambulisho.

*

Wiki mbili nilikaa nyumbani. Sijawahi. Niliwapigia simu wanawake wa Kithyoko kuwaomba radhi, na mwenyekiti wao akasema watashona na cherehani tatu nzima kwa zamu hadi nifike. Munyiva alichukua ile chumvi niliyokuwa nikibeba mfukoni imesokotwa kwenye gazeti, ya kuongezea maharagwe ya hoteli, akawapa mbuzi. Nikatembea hadi bwawani na kurudi kila asubuhi. Nikarekebisha cherehani ya jirani, kisha bawaba za milango yetu yote, kisha redio ambayo haikuwa na shida yoyote.

Kiatu ndicho kilikuwa kalenda yangu. Kina matundu matano ya kamba. Siku ya nne mguu uliingia, lakini kamba haikufungika. Siku ya saba nilifunga tundu la pili. Ya kumi, la tatu. Munyiva alikuwa akipita, anatazama chini, anaendelea na shughuli zake. Usiku wa kuamkia Jumanne nilimsikia akiomba, na aliomba kwa haki kabisa: Mungu aonyeshe kama ni kibanda au ni barabara.

Kamanthe alipuliza kile kitambaa, akasikiliza, akaandika. Mia moja thelathini na mbili kwa themanini. Figo ni nzima. Moyo unapiga kama unavyotakiwa. Akabonyeza mguu wangu kwa kidole, shimo likajaa mara moja.

Kisha akaishika ile daftari ya turubai, akaipima uzito kwa mkono, akamwita daktari aje aone. Walifungua kurasa kutoka Matuu hadi Kithyoko, wakacheka, lakini si kwa dharau.

"Sasa niambie," nikasema. Nilikuwa nimeshika kofia. "Nikae?"

"Nani alisema ukae?" Kamanthe akauliza.

"Huyu," nikaonyesha Munyiva.

"Mguu unataka kutembea, mzee. Kutembea ni dawa, na hiyo hatukuuzii." Akafunika kalamu, na daktari akaitikia kwa kichwa. "Mimi sitaki ukae. Nataka urudi. Kila Jumanne ya nne, hapa, na popote utakapoumwa katikati, kitabu hiki ndicho utatoa. Hakuna mzee mwingine."

Nikamtazama Munyiva. Alikuwa akikaza fundo la leso yake, na mdomo wake ulikuwa umebana kicheko.

"Kibanda," akasema, "Kasyoka atauzia mitumba."

Wangechi alikuwa kwenye benchi, nyuma yangu kwa watu watatu. Nilimwachia nafasi yangu ya kukaa.

*

Nilifika Kithyoko Alhamisi, kamba zimefungwa hadi tundu la tano. Wanawake wa kikundi walinipokea kwa kelele.

"Fundi, tulisikia umekufa!"

"Nilikufa sita," nikasema. "Nimebaki mmoja. Leteni hizo cherehani."

Nne zilikuwa na uchafu tu na mikanda iliyolegea. Ya tano ilikuwa imeshikwa na fundi mwingine. Nilipoifungua, wanawake wakanizunguka wangoje nitukane, kama kawaida yangu. Nikaangalia. Alikuwa amekaza vizuri, kilichobaki ni chemchemi ndogo ambayo labda hakuwa nayo.

"Nani aliishika hii?"

"Kijana fulani kutoka Matuu."

"Anajua kazi," nikasema. Wakatazamana, mmoja akaniuliza kama ni kweli nimepona.

Jumamosi, kazi imeisha na sare zinashonwa, nilijipeleka zahanati ya pale bila kusukumwa na mtu. Sikuwa naumwa. Nilitaka tu kupimwa baada ya safari. Mhudumu alikuwa mgeni kwangu, mwanamume wa makamo anayeitwa Kimeu.

"Jina?"

"Erastus Nzau Kilonzo. Miaka sabini na tatu. Nakunywa dawa moja, hii hapa." Nikaweka turubai mezani.

Akaifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Akasoma mwandiko wa Kamanthe, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akarudi tena. Nikajikaza. Nilijua kinachokuja, maana ningekuwa mimi ningeshakunja mdomo.

"Nani aliandika hii?"

"Machakos," nikasema kwa sauti ndogo.

"Ameandika vizuri," Kimeu akasema. Akanifunga kitambaa mkononi, akapima, akachukua kalamu, na akaendelea mstari uliofuata, pale mwenzake alipoachia.